Shija, Njiku na Kuku Aitwaye Mwenyekiti

Umeme ukikatika hapa Ikungi, kinyozi jirani yangu huvuta kamba ya jenereta lake, nalo hukohoa mara mbili tatu kabla halijakubali. Likishakubali, harufu ya petroli inaruka ukuta na kuja mpaka kibarazani kwangu. Wenzangu hufunga madirisha. Mimi natoa kiti nje. Kwangu petroli ni harufu ya Jumapili mchana, ya karanga za kukaanga na watu waliobanana kwenye magogo wakisubiri kuona kitu ambacho hawajawahi kukiona. Mume wangu anasema nina ugonjwa. Ninamjibu kwamba hakukulia Mitundu, kwa hiyo asamehewe.

Banda la video la Mitundu lilikuwa la Baba Spika. Jina lake halisi nadhani hata mkewe alikuwa ameshalisahau. Alikuwa na spika mbili kubwa alizozibeba kwenye baiskeli kutoka Itigi siku za ujana wake, akapiga nazo harusi zote na mikutano yote ya hadhara, na uzee ulipoanza kumpigia hodi akaamua kukaa mahali pamoja ili watu wamfuate yeye. Akajenga kuta za miti na udongo, juu akatandika mabati na turubai, mbele akaweka televisheni ya kichogo na deki, na nyuma ya ukuta akalifunga jenereta kwa mnyororo kama mbwa mkali. Watu wazima walilipa hela. Sisi watoto tulilipa yai.

Ndiyo, yai. Msicheke. Singida ni nchi ya kuku, na mtoto wa kwetu asiye na hela hakosi kuku wa kumtegemea. Baba Spika aliketi mlangoni na ndoo yenye pumba. Unamwamkia shikamoo, unampa yai, analitikisa sikioni kuhakikisha si viza, kisha anakuambia pita mwanangu. Show ikianza tu, ndoo inapandishwa kwenye basi la mchana na kwenda kuuzwa Itigi. Kumbukeni hilo la basi, maana litatuletea balaa mbele.

Mimi na Zaituni hatukuwahi kukosa yai. Zaituni alikuwa rafiki yangu wa nyumba ya tatu. Wao walikuwa Waislamu, sisi Wakatoliki, kwa hiyo sikukuu tulikula mara nne kwa mwaka na tulihisi tumewaibia wenzetu. Bibi yake alitupa tetea mmoja wa rangi ya majivu akasema, "Mkimtunza pamoja, atawatunza pamoja." Tukamwita Mwenyekiti, kwa sababu alitembea uwanjani kifua mbele, akakagua kila kitu, na akapiga kelele hata kama hakuna jambo. Tofauti yake na mwenyekiti wa kijiji ni kwamba yeye alitaga.

Kwa mayai ya Mwenyekiti tuliona filamu za mieleka, za mapenzi, za majini, na za watu waliopigana huku wanaruka juu ya miti. Tuliziona, halafu tukazisimulia. Hapo ndipo sifa yetu ilipotoka. Akina mama hawakuweza kwenda bandani Jumapili mchana. Chungu kilikuwa mekoni na mume alikuwa anauliza. Kwa hiyo Jumatatu alfajiri, kwenye foleni ya bomba, ndoo zikiwa zimejipanga kuliko wanafunzi, wao ndio waliotuita. "Haya, jana kulikuwa na nini?" Na sisi tukaanza. Zaituni alikuwa na kipaji cha kufanya sauti nzito, kwa hiyo yeye alikuwa starringi. Mimi nilikuwa adui, au mchumba, au farasi, kutegemea filamu. Nisijisifu sana, lakini nitajisifu kidogo: kuna siku mama mmoja alilia hadi akasahau kuchota maji na zamu yake ikapita.

Sasa mjue jinsi tulivyokosana.

Mwenyekiti aliatamia. Tukavumilia Jumapili kadhaa bila filamu, ili aangue. Akaangua vifaranga wazuri, wa manjano na wa madoa, tukawa tunapanga tutafuga wangapi na tutaona filamu ngapi mpaka tuzeeke. Kwetu kazi ya mtoto, vifaranga wakiwa wadogo, ni kuwalinda na kipanga. Unakaa kivulini na rundo la mawe madogo, macho juu, na kile kivuli kikipita ardhini unaruka na kupiga kelele mpaka koo likauke. Tuligawana zamu. Jumamosi moja mimi nilikuwa napepeta alizeti na mama, nikijua kabisa kwamba ni zamu ya Zaituni. Zaituni alikuwa ametumwa dukani na bibi, akijua kabisa kwamba ni zamu yangu. Kipanga hakutuuliza. Alikuja, akaenda, akarudi na mwenzake. Tulipofika uwanjani, Mwenyekiti alikuwa amevimba manyoya yote, na chini ya mbawa zake walibaki vifaranga wawili.

"Ilikuwa zamu yako!"

"Yako wewe!"

"Yangu ilikuwa asubuhi!"

"Asubuhi si ulikuwa kwenye alizeti?"

Tulitupiana maneno mpaka wapita njia wakasimama. Wote wawili tulikuwa tunalia, na ninavyoona sasa, tulikuwa tunawalilia vifaranga. Lakini mtoto akilia hapendi kulia peke yake bila mtu wa kumlaumu. Zaituni akachuma unyasi mrefu, akanyoosha ncha moja kwangu. Nikaishika. Mdogo wangu, ambaye ugomvi wa watu kwake ulikuwa harusi, akaukata katikati kwa kiganja. Kwisha kazi. Tulikuwa tumenuniana.

Wengine mtasema, basi, watoto si hupatana jioni. Hamjui nuno la Mitundu. Nuno letu lilikuwa na sheria kuliko mahakama. Mkishakata unyasi hamuongeleshani, hampokezani kitu mkono kwa mkono, na wa kwanza kumsemesha mwenzake ndiye aliyeshindwa. Aliyeshindwa hubeba ndoo ya mwenzake kutoka bombani wiki nzima, watoto wote wakimwangalia na kumwimbia. Na kulikuwa na sheria kubwa kuliko zote, ambayo hakuna aliyejua nani aliitunga: nuno likipita mvua ya kwanza halijafunguliwa, halifunguki tena. Tulikuwa na mifano. Tulionyeshana watu wazima wawili pale kijijini wasiosalimiana, tukanong'onezana kwamba hao mvua iliwapita.

Na mwezi huo mawingu yalikuwa yameanza kujikusanya upande wa mashariki. Kila jioni nilitoka nje kuyaangalia, roho ikinienda mbio. Nilimtaka Zaituni wangu. Nasema waziwazi, nilimtaka mpaka ugali haukupita. Lakini kumsemesha mimi kwanza? Nibebe ndoo ya mtu ambaye ilikuwa zamu yake? Weee! Afadhali mvua inyeshe mawe.

Bombani kukawa kimya. Nilikwenda na ndoo yangu, yeye na yake, mmoja mwanzo wa foleni na mwingine mwisho. Akina mama wakauliza filamu, tukaangalia vidole vya miguu. Mama yangu alivumilia siku chache, halafu akaanza kunisema kwa Kiswahili, akahamia Kinyaturu, akarudi kwenye Kiswahili ili amalizie vizuri. "Wagombanao ndio wapatanao," alisema, "lakini ninyi mnangoja mkutano wa kijiji uitishwe?" Ningemwelezaje mtu mzima habari za ndoo?

Wiki zikapita, ikafika Jumapili moja. Asubuhi kanisani joto lilikuwa lile la kunyonga, la mvua iliyo njiani. Mwenyekiti alikuwa amerudia kutaga, na bibi yake Zaituni, mwanamke wa haki, alitugawia kila mmoja yai lake bila kuuliza lolote. Nikapeleka langu bandani kwa njia ya juu. Zaituni akapeleka lake kwa njia ya bondeni.

Baba Spika siku hiyo alikuwa amevaa shati la harusi. Alipanda juu ya kreti, akashika maiki, akatutangazia kwamba ameleta filamu ambayo haijafika hata Manyoni. Ni ya Wajapani. Si katuni, ni watu kabisa, wenye pua na masikio, lakini hadithi yake ilianza kama michoro kitabuni. "Wale ndugu zetu," alisema, "wanachora kwanza hadithi yote, picha kwa picha. Watu wakiipenda, ndipo wanatafuta binadamu waliofanana na michoro." Mtu mmoja nyuma akauliza, na asipopatikana aliyefanana? "Wanampaka rangi," akajibu Baba Spika, bila wasiwasi wowote.

Sidii zile tulizozoea zilikuja na sauti ya Kiswahili ndani yake, mtu wa mjini akitafsiri na kutia vichekesho. Hii haikuwa nayo. Wajapani waliongea Kijapani, na chini ya kioo yakapita maandishi ya Kiingereza. Baba Spika alikuwa na Kiingereza cha kidato cha pili na ujasiri wa kidato cha sita. Akasogeza kreti karibu na kioo, akavaa miwani, akaanza kututafsiria kwenye maiki.

Jamani, sijawahi kuona filamu iliyotafsiriwa vile tena. Majina yalimshinda mapema, kwa hiyo yule kijana mrefu mwenye nywele za njano kama ndevu za mahindi akamwita Shija, na mwenzake mfupi, mpole, mwenye mfuko mgongoni, akamwita Njiku. Mwalimu wao akawa Mwalimu Mkuu. Walipokunywa supu ya kijani, akatuambia ni mlenda, tukafurahi kwamba huko nako wanaelewa chakula. Walipoinama mbele ya wazee, akasema, "Shikamoo babu," na wazee wote bandani wakaitikia kwa sauti moja, "Marahaba!" Kulikuwa na theluji mpaka kwenye madirisha. Baba Spika akasema ni unga wa muhogo, halafu akacheka mwenyewe na kusema hapana, ni barafu, natania.

Lakini hadithi yenyewe haikuhitaji utani. Shija na Njiku waliishi kijiji cha milimani ambako kila mwaka watu hurusha kishada kikubwa kuliko nyumba, na kamba yake haiwezi kushikwa na mtu mmoja. Lazima wawe wawili, wanaoaminiana, mmoja akivuta mwingine alegeze. Hawa wawili hakuna aliyewadhania. Mmoja alionekana mhuni, mwingine mwoga. Wakatengeneza kishada chao kwa mianzi na karatasi, wakajifunza upepo, wakaanguka matopeni, wakachekwa, wakasimama. Kishada kilipopaa kwa mara ya kwanza juu ya milima ile, banda zima tulisimama. Mzee mmoja alirusha kofia ikagonga bati.

Halafu siku ya sherehe kamba ikakatika. Kishada kikaenda na upepo, kikawa kidogo, kikapotea. Na wale wawili wakageukiana. Wewe ulivuta! Wewe hukulegeza! Baba Spika alitafsiri kwa hasira za kweli, na mimi nikahisi uso unaniwaka moto. Nilikuwa nimekaa kona ya kushoto. Sikugeuza kichwa, ila macho yalijigeuza yenyewe mpaka kona ya kulia. Zaituni alikuwa ameuma ukosi wa gauni lake, kama alivyofanya siku zote akikataa kulia.

Baada ya hapo hawakuongea. Wakapishana njiani, wakapishana darasani. Baba Spika hakuwa na maandishi ya kusoma, kwa hiyo naye alinyamaza, na tukasikia jenereta tu. Kisha Shija akaambiwa na wazazi wake kwamba wanahama. Njiku akapata habari siku yenyewe ya safari, asubuhi ileile. Akakimbia. Alikimbia kwenye theluji bila viatu vizuri, huku sisi tukimpigia kelele, "Kimbia Njiku! Kimbia baba!" Akafika stesheni. Treni ipo. Shija amesimama mlangoni. Wakaangaliana. Shija akafungua mdomo.

Sidii ikakwama.

Shija akabaki na mdomo wazi, uso wake umekatwa vipande vya mraba. Kelele zilizofuata nadhani zilisikika Itigi. "Fundi! Fundi!" Baba Spika aliitoa ile sidii, akaipumulia, akaifuta kwa shati la harusi, akairudisha. Shija, mdomo wazi. Akatuma mtoto nyumbani kuleta dawa ya meno, akaipaka, akaisuuza. Shija, mdomo wazi. Akaipiga deki kofi. Hakuna.

Ndipo mtu akasema lile neno. "Turudishiwe mayai yetu!"

Na mayai, ndugu zangu, yalikuwa ndani ya basi, yameshaupita msitu wa njiani kwenda Itigi. Watoto wakaanza kugonga magogo, "Mayai! Mayai!", watu wazima wakadai hela zao, na Baba Spika akasimama na maiki mkononi, jasho likimtiririka. Yule mtu aliyetuletea dunia nzima Mitundu kwa baiskeli alionekana amezeeka ghafla. Niliumia.

Kwenye gogo la nyuma alikuwepo Mama Chausiku, mmoja wa wale wa bombani. Siku hiyo, kwa mara ya kwanza, alikuwa ametoroka chungu chake. Akasimama, mkono kiunoni. "Hebu tulieni huko! Mimi sikuacha maharage yangu yaungue nije kuona mdomo wazi. Wale watoto wa bombani si wamo humu? Waje watumalizie!"

"Hawajui mwisho wake," mtu akasema. "Nani ameiona?"

Halafu kutoka kona ya kulia ikaja sauti ambayo sikuwa nimeisikia kwa karibu mwezi mzima.

"Mimi nimeiona. Niliiona Itigi, kwa mjomba wangu."

Zaituni alikuwa amesimama. Hakuniangalia. Alipita katikati ya watu mpaka mbele, akasimama kando ya kioo, akamgeukia Baba Spika. "Mimi ni Shija," akasema.

"Na Njiku?" akauliza Mama Chausiku.

Wote wakanigeukia. Niwaambie ukweli, sikuinuka mara moja. Nilianza kupiga hesabu za nuno. Nikienda nitakuwa nimeshindwa? Lakini mimi sisemi na Zaituni, nasema na Shija. Shija sijanuniana naye. Na banda lote lilikuwa linaningoja, na Baba Spika ananiangalia kama mtu anayezama, na nje ya ukuta, Mungu ni shahidi, radi ya mbali ikanguruma. Nikaenda.

Maiki ilikuwa moja. Kupokezana mkono kwa mkono ni mwiko, kwa hiyo tukasimama wote wawili kama miti. Baba Spika alituangalia, akaangalia nafasi iliyokuwa kati yetu, na sijui aliambiwa na nani, akaja kusimama pale katikati, maiki mkononi mwake, akampelekea Zaituni mdomoni.

Zaituni akafanya ile sauti nzito. "Njiku," akasema. "Kamba imekatika. Mimi sijui ilikatikia mkononi mwa nani, na upepo haukuuliza ni zamu ya nani. Uliamua kuchukua, ukachukua."

Mzee wa kofia akaiweka kofia yake magotini.

"Lakini tangu siku ile nakwenda peke yangu, narudi peke yangu. Nikiona kitu cha kuchekesha nageuka kukuangalia, hupo. Nikicheka sina wa kumwangalia." Sauti nzito ikaanza kumtoka, ikawa nyembamba, ikawa yake. "Treni inaondoka. Mimi sitaki kuondoka tumenuniana. Ukisema nibaki, nitabaki."

Baba Spika akaniletea maiki. Nilitakiwa kuwa Njiku, kijana wa Kijapani, mpole, mwenye mfuko mgongoni. Nilitafuta sauti ya Njiku kila mahali ndani ya kifua, sikuipata. Nilipata yangu tu, tena ya kukwaruza.

"Baki," nikasema.

Nikaona haitoshi. Nikaishika maiki kwa nguvu pale mkononi mwa Baba Spika. "Baki! Kishada tutatengeneza kingine. Hata kikikatika tena, kikatike, ila tuwe wote! Shuka kwenye hiyo treni!"

Zaituni akaruka. Nasema akaruka, kutoka kwenye treni isiyokuwepo, akanikumbatia, na Baba Spika akabanwa katikati yetu na shati lake la harusi. Hapo sasa! Vigelegele vya Mama Chausiku vilitangulia, vikafuatwa na vya wanawake wote waliotoroka vyungu siku ile. Wanaume wakagonga magogo. Watoto wakarukaruka mpaka vumbi likaficha televisheni. Hakuna aliyetaja yai. Mzee mwenye kofia alinibeba mabegani, na mwingine akambeba Zaituni, tukatolewa nje kama wabunge waliopita, tukazungushwa uwanja wote wa soko huku watu wakiimba, "Ameshuka! Shija ameshuka!" Mama yangu alitoka ndani na mwiko mkononi, akatuona huko juu tumeshikana mikono, akakaa chini kwenye kizingiti akacheka mpaka machozi.

Ile sidii haikupona. Baba Spika hakutaka kuitupa. Jumapili nyingi zilizofuata aliiweka tena kwa ombi la watu, na kila Shija akifungua mdomo, anazima deki, mimi na Zaituni tunasimama. Watu walikuja kutoka vijiji vya mbali, na mayai yao. Mitundu nzima inaijua filamu ile, na Mitundu nzima inajua kwamba Shija alishuka.

Jioni ya siku ile ya kwanza, tukiwa nyuma ya banda la Mwenyekiti, tulijadili suala la nuno kwa uzito wote. Nani alianza? Zaituni akasema hakuna aliyeanza, walioongea ni Shija na Njiku. Nikakubali haraka sana. Kwa hiyo hakuna aliyeshindwa. Mvua ilikuja siku chache baadaye, kubwa, ikatukuta chini ya gunia moja, tukaitolea ulimi.

Jambo moja tu sikulielewa, na wala sikulifikiria sana wakati ule. Kesho yake asubuhi bombani, ndoo yangu ilipojaa, Zaituni alijitwika yake kichwani kisha akaichukua na yangu mkononi. Nikamwambia lete. Akasema, "Acha, nina nguvu leo." Akaibeba mpaka nyumbani. Siku iliyofuata vilevile, na iliyofuata. Wiki nzima. Watoto wengine walimwimbia kidogo, yeye akacheza wimbo wao njiani. Nilidhani ni furaha. Nilidhani watu wakishangiliwa huwa wanapata nguvu za kubeba ndoo.

Mwezi uliopita mtoto wa dada yangu, ambaye simu haimtoki mkononi, alikuwa sebuleni kwangu anaangalia filamu. Nikapita na sinia la mchele, nikaona nywele za njano kama ndevu za mahindi. Sinia nusura linianguke. Nikakaa. Nikaona tena kishada, theluji, ule mlenda wao. Nikaona Njiku anakimbia, na mimi na umri wangu huu nikapiga kelele, "Kimbia baba!" Stesheni. Shija mlangoni. Akafungua mdomo.

Halafu akaufunga. Mlango wa treni ukajifunga, treni ikaondoka, na Njiku akabaki kwenye theluji na kipande cha kamba mkononi. Hakuna aliyesema neno. Filamu ikaisha hivyo. Nikamwambia mtoto arudishe nyuma. Tukaangalia tena. Shija hakusema kitu.

Nikachukua simu yangu nikampigia Zaituni. Siku hizi ni fundi cherehani Manyoni, ana watoto, na tunaongea kila wiki, nyingi ya wiki hizo tukibishana zamu ile ya kipanga ilikuwa ya nani. Nikasikia cherehani yake ikienda.

"Zai, ile filamu ya Shija na Njiku. Si ulisema uliiona Itigi kwa mjomba?"

Akacheka kile kicheko chake. "Yasinta, mjomba wangu wa Itigi alikuwa hana hata redio."

"Sasa yale maneno uliyatoa wapi?"

Cherehani ikasimama.

"We ulidhani niliibeba ndoo yako wiki nzima kwa sababu napenda sana maji?"

Nilibaki nimekaa palepale, sinia la mchele magotini, mtu mzima mwenye mume na kazi, na ile Jumapili yote ikageuka mbele yangu. Hakukuwa na Shija. Aliyesimama mbele ya watu wote na mvua ikinguruma alikuwa Zaituni, na alikuwa ananisemesha mimi. Yeye ndiye aliyeanza. Alijua kwamba ameanza, akanificha ili nisijione nimebembelezwa, na kesho yake akalipa ndoo zake zote kwa uaminifu, akicheza. Mimi nilibebwa mabegani siku ile nikijiona nimeshinda. Na kweli nilikuwa nimeshinda, ila sikujua nimeshindiwa na nani.

Nikamweleza mwisho wa kweli: mlango, treni, kamba mkononi.

"Kwa hiyo Shija hakusema kitu kabisa?"

"Hakusema."

"Mjinga yule," akasema, na cherehani ikaanza tena. "Aliogopa ndoo."